Jina la Aliyelala Tutani

Tadora, mke wa Astap, alikuwa mwanamke asiyejua kukaa bure. Kijijini Zabalotse, ng'ambo ya kinamasi, walimtania kwamba hata siku ya kufa ataomba viazi vya kumenya ili mikono isilale. Walimsifu bure. Hakuwa na bidii kiasi hicho. Alikuwa na woga. Mikono yake ikitulia, masikio yalifunguka, na kuna sauti moja ambayo hakutaka kuisikia akiwa amekaa.

Aliolewa angali mbichi, akashika mimba mwaka huohuo, na siku za kujifungua zikamkuta theluji inayeyuka, mto umemeza njia zote. Kasisi alikuwa upande wa pili wa maji. Mtoto, wa kiume, alivuta pumzi chache kama anayeonja supu ya moto, kisha akaacha. Hakubatizwa, hakupewa jina. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini kulala na waliobatizwa, wala hatupwi porini. Huzikwa kwenye tuta la nyasi linalotenganisha shamba la mtu na la jirani yake, lile ambalo watu wa huko huliita myazha. Jembe haligusi pale. Pale si kwa huyu wala si kwa yule.

Mama mkwe alimviringisha kichanga kwenye kitani, akamzika mahali tuta lilipopinda, chini ya mpeasi wa mwituni. Halafu akamkalisha Tadora kando ya jiko na kumwambia mambo ambayo msichana wa watu hakuyasahau tena.

"Atalia. Kila mwaka, juma la sikukuu ya Utatu, atalia akitaka jina. Wewe huwezi kumpa, wala baba yake, wala jirani anayejua. Ni lazima awe mpita njia, ambaye hukumtuma. Asikie mwenyewe, avue chochote alichovaa, akitupe kwenye nyasi na kutaja jina. Hapo mtoto atalala."

"Na asipopita mtu, mama?"

"Ataamka. Na kitakachoamka hakitakuwa mwanao."

Tadora alianza kulia. Bibi yule hakuwa na huruma ya kumwachia hapo, akaendelea: "Na anayempa asimpe jina lake mwenyewe. Jina moja haliwalazi wawili. Mmoja akilala nalo, mwenzake anabaki hana pa kulala. Akikosea, alirudishe papo hapo kabla hajashuka tutani. Akishashuka, basi."

Nani sasa apite huko? Tuta lile lilikuwa kati ya shamba la Astap na la Sazon, jirani yao, na lilikwenda kufia kinamasini. Hapakuwa na njia ya kwenda popote. Sazon alilijua kaburi vizuri, na hata hivyo kila majira ya kuchipua alikuwa akilimega tuta kidogo kwa jembe lake, mfereji mmoja mwaka huu, mfereji mmoja mwaka ujao, huku akiapa kwa watakatifu wote kwamba farasi ndiye aliyepinda. Tadora alimtukana mpaka sauti ikakauka. Watu walidhani anagombea ardhi.

Akazaa wengine, wakabatizwa, wakakua, wakaolewa na kuoa mbali. Astap akaota mvi na kuwa kiziwi nusu, akaacha kabisa kuzungumzia jambo lile. Na kila juma la Utatu Tadora alimenya viazi, akafua, akasuka, akagombana na kuku, ili jioni ipite.

Kisha ukaja mwaka wa mashamba kuunganishwa kwa amri ya serikali. Farasi wa Astap alipelekwa kwenye zizi la wote, na Kandrat, ambaye zamani alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji, akawa mwenyekiti. Kasisi alipakiwa siku moja kwenye gari lisilokuwa lake, hakurudi. Ndipo Kandrat alipokuja mlangoni kwa Tadora na kijana mwembamba mwenye kofia ya kitambaa na sanduku la mbao.

"Tadora! Nimekuletea mgeni. Msomi wa mjini. Mlishe, la sivyo upepo utamchukua kabla hajamaliza kazi."

"Anatafuta nini msomi huku kwenye mbu?"

"Maneno."

"Maneno? Mpeleke basi kwa mkeo, komredi. Kule yanamwagika bure."

Kandrat hakucheka. Kijana alicheka, tena kwa meno yote, na Tadora akampenda hapohapo kwa kosa lile. Aliitwa Lavon. Alikuwa na karatasi ngumu ndogondogo sandukuni, na kwa majuma aliyokaa alizijaza kwa mwandiko wa sisimizi.

"Natafuta madogo tu, shangazi," alimweleza siku ya kwanza mezani. "Yale mtu anayoyasema bila kuyasikia. Kitu kiko juu ya nini, chini ya nini, mbele ya nani." Akainua kijiko. "Hiki kiko wapi?"

"Mkononi mwako, mwanangu. Mjini hawana macho?"

Akakisukuma chini ya bakuli. "Na sasa?"

"Chini ya bakuli. Na supu inapoa, we mtoto. Kula."

Astap, ambaye alikuwa hasikii anapoitwa kupasua kuni, alisikia hilo akacheka mpaka akapaliwa. Nyumba ilikuwa haijacheka siku nyingi. Lavon alizunguka kijiji kizima, akawauliza wanawake kisimani na wazee kwenye magogo, na jioni alirudi na matope hadi magotini akisimulia aliyoyapata. Kwa Tadora yalikuwa kama hadithi za watu waliokufa. Alimwambia kwamba vineno vile havikuzaliwa vidogo. Vingi vilikuwa majina ya vitu vya kushika. Neno lao la kusema "karibu na" lilikuwa gurudumu, kitu kinachozunguka. Watu wakalitumia vizazi na vizazi mpaka likachakaa, kama kizingiti kinavyolika kwa miguu, na leo hakuna anayeliona gurudumu tena. Vingine ni vikongwe mno, hakuna ajuaye vilikuwa nini kabla ya kuwa vidogo.

"Na 'kati'?" aliuliza Tadora. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Hilo ndilo zuri kuliko yote!" Lavon aliacha kijiko. "Ni myazha. Tuta lenu la mpaka. Mababu walisema kitu kiko 'matutani', kwenye matuta mawili, tuta la huku na tuta la huku. Neno likakatika, likafupika, likawa hilo neno lenu la 'kati'. Warusi hivyohivyo, Waserbia hivyohivyo. Kila mmoja wao akisema 'kati yangu na wewe', analikanyaga tuta bila kujua."

Tadora akawafikiria watu wote wale, miaka yote ile, vinywa vyote vikipita juu ya mwanawe mchana kutwa, na hakuna hata kimoja kilichosimama kumpa jina. Akainuka kwenda kuosha chungu kilichokuwa safi.

"Nimekuudhi, shangazi?"

"La. Macho yangu yanauma kwa moshi."

Jikoni hamkuwa na moto.

Katika juma la Utatu habari zilitoka kwenye ofisi ya Kandrat: Jumatatu trekta litakuja. Matuta yote ya mipaka yatalimwa, mashamba yawe moja, na miti iliyosimama juu yake ing'olewe. Wanaume walisikiliza wakitazama viatu vyao. Mwanamke mmoja nyuma alianza kufanya ishara ya msalaba, kisha akaugeuza mkono akajifanya anakuna shingo. Tadora hakuwa peke yake kijijini mwenye kitu kimelala tutani.

Ijumaa Sazon alimwita penye uzio. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule.

"We mwanamke, njoo. Nimekumegea tuta maisha yangu yote. Sasa wanalichukua lote, langu na lako. Tuligombea nini?"

"Wewe ndiye uligombea. Mimi nilikuwa nalinda."

"Najua ulichokuwa unalinda." Akatema mate pembeni, akashusha sauti. "Sikiliza. Kandrat amepeleka habari mjini. Mgeni wako. Anauliza ng'ambo ya kinamasi kuna nini, nyuma ya msitu kuna nani, chini ya daraja maji yanafika wapi. Na mpaka wa nchi uko hapo, ukitembea nusu siku umeufika. Kandrat anasema hayo si maneno, hiyo ni ramani."

"Ni vineno tu, Sazon. Anauliza hata kijiko kiko wapi!"

"Kawaeleze wao habari za kijiko. Gari la posta linatoka kesho alfajiri. Apande, aende zake. Mwambie leo."

"Nitamwambia."

Alikuwa na nia ya kumwambia, hilo msimnyime. Aliingia ndani na maneno yakiwa tayari mdomoni. Lavon alikuwa mezani, akachangamka kumwona.

"Shangazi, Jumatatu wanayalima matuta! Nimeandika habari ya myazha kurasa nzima na sijapata kuiona ya kweli, yenye nyasi na mti, kama ya mababu. Kesho jioni nitatafuta moja kabla haijaondoka."

Maneno yakamrudia Tadora kooni. Mgeni. Mpita njia. Juma la Utatu. Na hakutumwa na mtu, ametaka mwenyewe.

Alimtazama kijana, vidole vyake vyembamba vyenye wino, kola aliyomshonea jana. Alipigana na nafsi yake mpaka chungu kikafurika juu ya moto. Siku moja tu, alijiambia. Jioni moja. Jumapili alfajiri nitamwamsha, nitampitisha mwenyewe kinamasini kwa njia ya wanaookota matunda, hakuna atakayemwona.

Alfajiri gari la posta lilipita. Tadora aliyasikia magurudumu yake barabarani akiwa amesimama gizani jikoni, na hakwenda kugonga mlango wa chumba. Kulipokucha alimpa Lavon viazi vya moto na maziwa ya mgando, sahani mbili, akamwangalia akila.

Jioni ile kijiji kilinuka majani mabichi; watu walikuwa wameyatandaza sakafuni na kupachika matawi milangoni kwa ajili ya Utatu, Kandrat apende asipende. Lavon alitoka na kofia yake kichwani.

"Tuta lenu ni lipi, shangazi?"

"Lile lenye mpeasi." Kisha akasema haraka, kwa ukali uliomshangaza kijana: "Mimi sikutumi! Umesikia? Sikutumi."

"Sawa, sawa! Hukunituma."

Alimwacha atangulie, akamfuata kwa mbali, akajibanza nyuma ya rundo la nyasi kavu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya msitu na ukungu ulianza kutambaa kutoka kinamasini. Lavon alipanda juu ya tuta. Alitembea taratibu, huku akiliangalia shamba la Astap upande wake mmoja na la Sazon upande wa pili, akitabasamu peke yake kama mtu aliyefika kwa jamaa aliowasikia siku nyingi. Alipofika mahali tuta lilipopinda, akasimama.

Tadora alisikia pia. Kilikuwa kilio chembamba, cha kukatikakatika, chini kabisa kwenye nyasi. Mwingine angeweza kuapa kwamba ni ndege wa kinamasi. Tadora aliuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa ili asipige kelele.

Lavon aliinamisha kichwa kusikiliza. Wanawake wa kisimani walikuwa wamemsimulia desturi, mtu angeweza kuliona hilo kwa namna alivyoivua kofia. Aliivua polepole, kwa adabu, kama anaingia nyumba yenye msiba. Wanawake hao walimsimulia nusu. Ile nusu nyingine huwa haisemwi kwa mgeni, kwa sababu hakuna mtu wa huko anayeweza kufanya kosa hilo. Hulijua tangu utotoni, kama moto.

Aliitupa kofia chini ya mpeasi.

"Haya, mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Kama u msichana, uitwe Hanna kama mama yangu. Kama u mvulana, chukua langu. Uitwe Lavon."

Kilio kikanyamaza. Hakikufifia, kilinyamaza pale pale, kama mtoto aliyepata ziwa.

Tadora alishainuka. Mdomo ulikuwa wazi. Kulikuwa na nafasi: kijana alikuwa bado juu ya tuta, ameduwaa, mkono kwenye nywele zake. Ilitosha kupiga ukelele mmoja. Lirudishe! Taja lingine, taja lolote! Lakini ukimya ule ulikuwa unamwingia mwilini, ukimya aliousubiri tangu alipokuwa msichana mwenye maziwa kifuani na mikono mitupu. Kulirudisha jina ni kukirudisha kilio. Na Jumatatu trekta linakuja.

Alifunga mdomo. Alimwona Lavon akiruka chini, upande wa shamba la Astap, kichwa wazi.

Usiku alikaa na viatu miguuni, akingoja mbingu ipauke amwamshe. Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile usingizi ulimchukua akiwa ameketi, mikono imelala mapajani, usingizi mtamu usio na sauti. Aliyemwamsha ni mbwa. Jua lilikuwa dirishani na gari lilikuwa langoni.

Walikuwa wawili wa mjini, na Kandrat mbele yao amevaa koti lake zuri. Hawakufoka. Mmoja wao aliomba maji ya kunywa, akashukuru. Walilimwaga sanduku la Lavon ndani ya gunia, na lilikuwa gunia la viazi la Tadora mwenyewe. Karatasi zilitiririka kwa sauti ya nafaka.

"Ni vineno, komredi," Lavon alisema. "Juu, chini, kati. Namna vilivyozaliwa."

"Utatueleza huko," alisema aliyekunywa maji.

"Mama wee, atarudi lini?" Tadora aliwashika mikono. "Mwenyekiti, Kandrat, nilikupa mkate ulipokuwa unachunga! Atarudi lini?"

Kandrat aliangalia matawi ya Utatu juu ya mlango. "Toa hayo majani, Tadora," alisema. "Watu wanaona."

Alimfungia Lavon mkate mweusi na kipande cha mafuta ya nguruwe kwenye kitambaa. Lavon alishapanda garini. Alikuwa amepauka usoni, ila alijitahidi kumtania.

"Shangazi, kofia yangu niliiacha kule tutani. Usiiondoe. Nikirudi nitaichukua mwenyewe."

Tadora alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Jumatatu trekta lilikuja kweli. Mpeasi uling'olewa kwa mnyororo, na majembe yakaligeuza tuta na nyasi zake na kofia na kila kilichokuwa chini. Kufikia jioni mtu hakuweza tena kusema la Astap liliishia wapi na la Sazon lilianzia wapi. Sazon alisimama pembeni kutwa nzima, na kila trekta lilipopita alisogea nyuma hatua moja.

Tadora alikwenda mjini mara mbili kumwulizia. Mara ya kwanza waliupokea mkate kwenye kidirisha. Mara ya pili waliurudisha. "Hayupo kwenye orodha," walisema. Aliuliza yuko wapi basi, na aliye nyuma ya kidirisha akamjibu kwamba hilo si swali.

Mwaka uliofuata, juma la Utatu, Tadora hakumenya viazi. Aliketi kizingitini mikono mapajani, kwa kuwa sasa alikuwa mama wa mtoto mwenye jina, na hakuna wa kulia. Jua likashuka nyuma ya msitu. Ukungu ukatambaa.

Kikasikika kilio. Hakikuwa chembamba. Kilikuwa cha mtu mzima, cha kukatikakatika, na kilitoka upande wa shamba.

Astap, kiziwi, aliinua kichwa. "Nani huyo?"

Tadora alikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Lakini shamba lilikuwa moja, jeusi, limelimwa kutoka msituni hadi kinamasini, halina tuta, halina mti, na sauti ilikuwa mara huku, mara kule. Alikimbilia huku akasimama. Akakimbilia kule akasimama. Hapakuwa na mahali pa kukitupia kitambaa. Na angetaja jina gani? Huyu alikuwa nalo, alibatizwa nalo, na alilitoa Tadora akitazama.

"Lavon!" aliita hata hivyo, kwa sauti yote aliyonayo. "Lavon, mwanangu!"

Kutoka chini ya udongo, mahali fulani karibu na miguu yake, kitu kidogo kilichokuwa kimelala kwa jina hilo kiliamka kikaanza kulia.